Disketi Iliyotobolewa Masijala

"Ndoo yangu ni ya tatu! Ya tatu, Mama Rahimu, na umeiona kwa macho yako!"

"Ya tatu huko huko masijala kwenu. Hapa bombani hatugongi mhuri. Rudi nyuma upange foleni."

"Kwani bomba hili ni la baba yako?"

"Na ile disketi ilikuwa ya baba yako?"

Hapo uwanja mzima unasimama. Aliyekuwa anapiga mswaki anauacha mswaki mdomoni. Anayekoroga uji anausahau, nao unaanza kupanda.

Ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uani kwa Bi Anifa, Kizota mjini Dodoma. Maji hutoka siku mbili kwa wiki na leo ni mojawapo. Nyumba ina vyumba tisa na familia saba, na ndoo zimejipanga kutoka bombani hadi mlango wa choo. Lakini hakuna mpangaji hapa, hata yule aliyehamia juzi, asiyejua kwamba ugomvi huu si wa ndoo.

Aliyeshika kiuno ni Stara, mke wa Swedi Hassani, mama wa Rahimu. Anayekaribia kulia ni Dorothea Sila, mama wa Kefa, ambaye ni karani wa masijala, chumba cha mafaili, katika idara ya serikali anakofanya kazi huyo huyo Swedi. Milango yao inatazamana. Mwezi mmoja uliopita walikuwa wanasukana nywele kwenye mkeka mmoja.

"Miezi tisa!" Stara anauhutubia uwanja. "Miezi tisa mume wangu analala na kompyuta kuliko anavyolala na mimi. Halafu mtu anachukua shazia, chwaa! Basi, yamekwisha."

Kuna mtu anacheka, kisha anajifanya anakohoa.

"Nimeomba radhi mara ngapi? Sikupiga magoti hapa hapa?" Dorothea anauliza. "Na kama ni kuulizana, muulize mumeo. Muulize ile ya pili aliiweka..."

"Dorothea."

Ni Swedi, amesimama mlangoni kwake na taulo begani. Hakupaza sauti. Dorothea anafunga mdomo papo hapo, ananyanyua ndoo yake tupu na kurudi nayo ndani. Zamu yake inapita.

"Mmeona?" anasema Stara. "Hana la kusema."

Swedi Hassani, mwenye umri wa miaka 39, ni mchoraji wa mitambo. Au tuseme alikuwa, maana jana, Ijumaa tarehe 21 Mei 1999, alikabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi baada ya miaka kumi na minne ya kuchora pampu na minara ya matangi. Mshahara wake wa mwisho, shilingi 61,000, ataupokea mwisho wa Juni.

"Walituita watano," anasema, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake. "Bwana utumishi akasema wachoraji wa penseli hawahitajiki tena. Atabaki mmoja tu, anayejua kompyuta. Nikamwambia mzee, huyo anayejua kompyuta ni mimi. Akaniuliza, cheti kiko wapi?"

Cheti ndicho kilichokuwa njiani.

Safari yenyewe ilianzia Chemba. Mwaka 1996 Swedi alitumwa huko kukagua pampu za mkono zilizofungwa na wafadhili. Kati ya pampu kumi na nne alizozikuta, tisa zilikuwa zimekufa, na zote zilikuwa zimekatikia mahali pamoja, pale mpini unapokutana na shingo ya pampu. Vipuri vilikuwa ng'ambo. Wanawake walikuwa wamerudi kufukua mchanga mtoni.

"Mama mmoja akaniuliza, 'Mwanangu, ninyi wenye kalamu mmekuja kuhesabu au kutengeneza?' Nilikuwa nimekuja kuhesabu."

Aliporudi mjini alianza kuchora shingo mpya, ambayo fundi wa Kizota angeweza kuichomelea bila kuagiza kitu Ulaya. Akaichora, ikatengenezwa, ikakatika. Akaichora tena, ikakatika tena.

Ndipo alipokutana na kompyuta. Ofisi ya mradi mmoja wa maji ilikuwa nayo yenye programu ya kihandisi, na meneja, mtu mkarimu, akamruhusu aitumie Jumamosi na Jumapili. Swedi ana stashahada ya juu ya uhandisi mitambo aliyoipata ujanani, lakini kitu kile, anasema, kilimfanya ajione hajawahi kwenda shule.

"Zamani unachora, fundi anakata, kikivunjika ndiyo unajua ulikosea. Kompyuta unaiuliza kabla hujakata. Unaiambia, hiki ni chuma cha aina hii, mama ananing'inia hapa, anavuta mara elfu tatu kwa siku. Nayo inakupaka rangi. Pa buluu pazima. Pa manjano pamechoka. Pekundu ndipo patakapokatika."

Siku ya kwanza alipoingiza ile pampu ya Chemba, pekundu palitokea pale pale pa shingo. Alisimama, akamwita mlinzi aje aone.

"Mlinzi akatazama wee, akasema, 'Kumbe chuma nacho kinaumwa.'"

Kwa miezi tisa Swedi alimtibu mgonjwa wake. Aliongeza unene hapa, akapunguza pale, akazungusha kona. Wakati mwingine umeme ulikatika na kazi ya mchana mzima ikapotea. Mwezi Februari mwaka huu, wekundu ulikwisha. Shingo yote ikawa buluu.

"Siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Kizota. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nauli nilikuwa nayo."

Hapo hapo akajaza fomu za chuo kimoja jijini Dar es Salaam kinachofundisha stashahada ya uzamili ya usanifu wa kihandisi kwa kompyuta. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, waombaji zaidi ya mia. Aliitwa kwenye usaili na akapita. Wafadhili wangelipa kila kitu. Yalibaki masharti mawili: michoro na majaribio yake yafike chuoni yakiwa kwenye disketi kabla ya tarehe 30 Aprili, na yapitie kwa mwajiri.

Stara alianza kuwaambia watu sokoni kwamba mume wake anakwenda "kusoma juu ya digrii". Bi Anifa, mwenye nyumba, ambaye babu yake aliingia mji huu na misafara ya wafanyabiashara na hakurudi tena pwani, alitangaza kwamba chumba chao hakitapangishwa kwa mtu mwingine. "Nikamwambia, nenda mwanangu, usome. Na ukirudi na gari usilipaki mbele ya kibaraza changu," anasema Bi Anifa.

Katikati ya Machi, mradi ule ulifungwa. Kompyuta zilifutwa zote, zikatiwa kwenye maboksi na kusafirishwa. Swedi alitoka getini na disketi mbili mfukoni, zenye kazi ile ile. Moja ya kupeleka, nyingine ya akiba.

Ya kupeleka aliiambatanisha na barua, akaipitisha kwa mwajiri kama alivyoagizwa. Na mlango wa mwajiri ni masijala.

Dorothea Sila, mwenye umri wa miaka 44, amekaa masijala kwa miaka kumi na tisa. Chumbani kwake kila kitu kina mahali pake, hata vijiko vinalala upande mmoja. Anasimulia akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akikunja na kukunjua kitenge kile kile.

"Mwaka 1992 cheti cha ndoa cha mjane kilidondoka kwenye faili. Kilikuwa hakijafungwa, kimewekwa tu. Yule mama alizungushwa miaka miwili hapati mafao ya mumewe. Akawa anakuja anakaa pale kwenye benchi anatutazama tu. Tangu hapo tukapewa amri: hakuna kinacholala ndani ya faili bila kufungwa. Kikiingia kinagongwa mhuri, kinapewa namba, kinatobolewa, kinapitishwa kamba."

Tarehe 13 Aprili, barua ya Swedi ilipomfikia, aliifurahia kama yake. Aliipa namba 47. Kisha akakiona kile kidude cha plastiki.

"Nikasema hiki kikidondoka, ndoto ya baba Rahimu imekwenda. Panchi ikagoma, maana ni kigumu. Basi nikachukua ile shazia ya kushonea magunia, tunayotobolea mafaili manene. Nikaipasha kwenye jiko la chai. Ikapita vizuri tu. Matundu mawili. Nikafunga, nikalitingisha faili, hakikudondoka."

Anatazama mikono yake. "Nilitaka kisipotee."

Habari hiyo aliileta nyumbani mwenyewe, jioni ya tarehe 26 Aprili. Katika nyumba hii wanaume hula pamoja kibarazani, sinia moja, na siku hiyo palikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Dorothea aliingia na pochi yake kwapani, akicheka.

"Baba Rahimu, faili lako limetoka kwa mkurugenzi, limesainiwa! Na kile kisahani chako nimekifunga barabara, nimekitoboa kikakaa."

Walioshuhudia wanasema Swedi hakufoka. Aliuliza tu, "Umekitoboa?" Akalirudisha tonge siniani, akaenda kunawa mkono. Tangu siku hiyo anakula ndani, peke yake.

Asubuhi iliyofuata aliichukua disketi ile hadi kwenye duka la kuchapa barua na kadi za harusi. Tundu moja lilikuwa limepita pembeni. Jingine lilikuwa limepita kwenye kisahani cheusi cha ndani, ambako kazi ya miezi tisa ilikuwa imeandikwa. Mashine ikakoroma mara tatu na kuitema. Mwenye duka akamwomba asiirudishe, atamharibia mashine.

Barua ya chuo ilikuja wiki mbili baadaye. Nafasi yake imepewa mwingine. Anaweza kuomba tena mwakani, kupitia kwa mwajiri.

"Mwajiri yupi?" anauliza Swedi.

Anayetaka kujilipia anatakiwa kuwa na shilingi 1,350,000, ambazo ni zaidi ya mishahara yake ya miezi ishirini na miwili, wakati ule alipokuwa na mshahara.

Mchana Swedi anakwenda kwenye karakana ya rafiki yake Matonya, mchomeleaji, umbali wa dakika tano kutoka nyumbani. Matonya anatengeneza mageti, vitanda na matela ya kukokotwa na punda. Ndiye aliyezichomelea zile shingo za kwanza zilizokatika.

"Karibu, mheshimiwa wa uzamili," Matonya anamwambia, akimsogezea rimu kuukuu la lori. "Samahani, kochi liko kwa fundi."

"Fundi si wewe?"

"Ndiyo maana halitoki."

Wanacheka, halafu kicheko kinakufa mapema. Swedi anakunjua kalenda ya mwaka jana. Nyuma yake amechora upya pampu nzima kwa penseli, mistari imenyooka kama imepigwa na mashine.

"Si hii hapa?" anasema Matonya. "Sasa unalia nini? Wapelekee hii."

"Hii ni mistari. Unene wa shingo naukumbuka mpaka kwenye ndoto. Chuo hakitaki shingo, kinataka ushahidi kwamba haitakatika. Penseli haina nyekundu, Matonya."

"Basi tutengeneze, tujaribu."

"Kwa chuma gani?"

Matonya anaangalia rundo lake: springi za malori, vipande vya reli, mabomba yenye kutu.

"Kompyuta nilikuwa naiambia chuma cha aina fulani, kipya," anaeleza Swedi. "Hiki sijui kimetoka wapi, kimebeba nini, kimechoka kiasi gani. Njia pekee iliyobaki ya kujua ni kuwapelekea wanawake wa Chemba wakivunje."

Matonya anashusha kioo chake cha kuchomelea usoni, anarudi kwenye geti.

Swedi alizaliwa Kolo, Kondoa, ambako wageni hupanda vilima kwenda kutazama michoro ya watu wa kale kwenye majabali. Akiwa mtoto aliichukulia kama ukuta wa jirani tu. Sasa inamrudia.

"Wale hawakuwa na karatasi," anasema. "Michoro yao ipo mpaka leo, mvua na jua. Wangu haukumaliza hata miezi mitatu."

Je, ana mpango gani? Atarudi Kolo kulima. Hapana, hatarudi, shamba la baba limeshagawanywa. Atamsaidia Matonya kuchora mageti ya maua. Labda yule meneja wa mradi atajibu barua, kama anwani yake haijabadilika. Labda nakala ilibaki kwenye mashine fulani huko waliko.

"Sitegemei," anasema. "Nataja tu."

Anaporudi nyumbani, jua linaelekea kuzama, anakuta neno limeshazunguka uwanja. Bi Anifa ana sifa nyingi, lakini kukaa na neno si mojawapo. Alipita chumbani kwa Dorothea kumpa pole ya ugomvi wa asubuhi, akatoka na habari.

"Swedi, shika kigoda," anamwambia kwa sauti ambayo yeye anaiita ya chini. "Mwenzako naye jana kapewa barua. Doro! Masijala wamebakiza mmoja. Na nakala za barua zenu zote zimepelekwa kwake azifunge kwenye mafaili. Yako kaitoboa yeye. Ya kwake kaitoboa mwenyewe, akajifunga mwenyewe, akapiga namba, akafunga ofisi, akaja nyumbani. Asubuhi anatukanwa bombani, yuko kimya!"

"Stara anajua?"

"Stara alikuwa sokoni. Mimi nimemwambia nani? Sijamwambia mtu."

Watu watatu waliokuwa wanapepeta mchele karibu yake wanainamisha vichwa.

Swedi anaingia ndani. Mlango wa chumba hicho ni pazia, na pazia halizuii maneno.

"Mama Rahimu, acha hilo sufuria. Kaa."

"Nini tena?"

"Dorothea amepunguzwa kazi. Jana, pamoja na mimi."

Sauti ya Stara inakuwa ngumu kidogo: "Mungu anamwona."

"Usiseme hivyo. Sikiliza. Ile disketi ya pili, ya akiba. Nilikuambia iliharibika kwa vumbi."

"Ndiyo."

"Niliiweka kabatini. Ulipofanya usafi wa Idi ukaihamishia juu ya redio, juu ya spika, ukaifunika na kitambaa chako cha kufuma. Spika ina sumaku, na sumaku inafuta. Ilikaa pale mwezi mzima, tunasikiliza taarifa ya habari. Nilipoipeleka dukani pamoja na ile iliyotobolewa, ilikuwa tupu."

Nje, hakuna anayepepeta mchele.

"Kwa hiyo ni mimi," anasema Stara.

"Ni mimi. Sikukuambia nini ni nini, na sikukuambia iko wapi. Kama ile ingekuwa nzima, ningekopi nyingine siku ile ile na tungewahi. Tundu la Dorothea lingekuwa la kuchekesha tu."

"Na yeye anajua?"

"Nilimwambia jioni ya siku ile niliyotoka dukani. Nikamwomba asikuambie."

"Mwezi mzima namtukana mbele za watu."

Sufuria linawekwa chini.

"Mbele ya watoto wake, baba Rahimu."

Baada ya hapo unasikika mwiko tu. Stara anasonga ugali, na anausonga kwa muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

Giza linapoanza kuingia, wanaume wanakaa kibarazani kwenye sinia lao, nafasi ya Swedi ikiwa wazi kama ilivyo tangu Aprili. Majiko saba huwaka jioni katika uwanja huu. Leo yamewaka sita. Jiko la Dorothea lina majivu ya jana.

Mlango wake unafunguka. Anatoka na ile ndoo ya asubuhi, bado tupu, anaelekea kwa Bi Anifa kuomba maji, na njia inapita mlangoni kwa Stara. Anatembea kwa haraka, macho chini.

Pazia linafunuka. Stara anatoka na kuishika ndoo mpini. Dorothea anadhani ni ugomvi mwingine, anaivuta. Kwa muda mfupi wanawake wawili wanavutana ndoo bila neno, na kibarazani mikono imesimama juu ya sinia.

Stara ndiye anayeshinda. Anaiinamishia ndoo yake mwenyewe, anamimina mpaka zote mbili zinalingana, anaiweka chini karibu na mlango. Anajifuta mikono kwenye kanga.

"Sina kazi na sina uso, Mama Rahimu," Dorothea anasema polepole. "Niache nipite."

"Hata sisi humu ndani hatuna kazi," anasema Stara. Analishika pazia na kulifunua lote, mwanga wa kandili unatoka hadi uani. Ndani Swedi amesogea upande mmoja wa mkeka, kalenda ameikunja na kuiweka chini ya kitanda, na sahani ziko tatu.

"Mlenda unapoa, Mama Kefa. Ingia ndani, unawe, ule."